Swali Ambalo Sista Salomi Hakumuuliza Muadhini

Ni asubuhi ya Juni na feni ya dari inazunguka kwa uvivu. Sista Salomi Bhatti amepiga magoti sakafuni, tochi ndogo kaifunga kwenye paji la uso. Mbele yake, juu ya kitanda chembamba, amelala Bi Sughra Mai, mchuma pamba kutoka upande wa Shujabad. Madaktari walimtoa Bi Sughra ncha ya utumbo nje ya tumbo ili apate njia nyingine ya haja kubwa. Juu ya njia hiyo kuna mfuko, na mfuko umeshikwa na kibandiko cha duara chenye gundi.

Salomi anakibandua kibandiko kutoka juu kwenda chini. Mkono mmoja unavuta, mwingine unaikandamiza ngozi, kitambaa chenye maji kinafuata nyuma. Kikishatoka, haangalii tumbo kwanza. Anakigeuza kibandiko na kukichunguza mgongo wake.

“Juu gundi nzima, chini imeyeyuka,” anasema. “Umepaka nini hapa, mama?”

Bi Sughra anaangalia dari. Mkwe wake, aliyesimama mlangoni na mtoto begani, ndiye anayejibu kwamba walipaka udongo.

Sisi watu wa Multan tuna udongo wetu. Wasichana wanaupaka usoni wapendeze, bibi zetu wanaupaka kwenye kila kinachowasha, na umebeba jina la mji wetu hadi kwenye maduka ya vipodozi ya nchi za mbali. Kwa hiyo ngozi ya Bi Sughra ilipoanza kuvujisha maji, nyumba nzima ilikubaliana kwamba dawa ni udongo. Udongo ukakausha, kibandiko kikakataa kushika, haja ikapenya chini yake, ngozi ikaliwa zaidi, wakaongeza udongo.

Salomi hagombi. Anaosha kwa maji matupu, anakausha kwa kugusagusa, kisha anamwonyesha yule mkwe namna ya kupima tundu la kibandiko ili lisiwe pana kuliko njia yenyewe. Anamwambia kwamba udongo wapake maharusi. Bi Sughra anacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu aingie.

Chumba hiki kiko mwisho wa korido ya wodi ya upasuaji, na zamani kilikuwa stoo ya vyuma vya kutundikia dripu. Mlangoni hakuna kibao. Wagonjwa wenyewe waliomba kisiwekwe, maana akionekana mtu akiingia hapa, jirani zake watajua. Mle ndani mna harufu, tusidanganyane. Salomi anasema aliacha kuisikia zamani, na kwamba anayeisikia zaidi ni yule mwenye mfuko.

Kazi yake ni kusoma ngozi. Ile iliyozunguka njia ya haja anaigawa robo nne, kama mtu anayekata chapati. Kisha anaanza kuuliza. Ni rangi tu iliyobadilika, au ngozi imechubuka? Imechimbika? Imeota vinyama? Na iko robo ipi? Akishajua aina na mahali, ndipo anaanza kumtafuta mkosaji.

Haja inayovuja hula ngozi upande wa chini, kwa kuwa maji hufuata chini. Fangasi hutawanya vidoa nje ya mpaka wa kibandiko. Mzio wa gundi huchora umbo la kibandiko chenyewe, mviringo kamili, utadhani mtu amebandikwa kifuniko cha sufuria ya moto. Na kuna ngozi iliyobanduliwa mara nyingi mno, tabaka baada ya tabaka, mpaka ikabaki nyama inayong’aa. Nayo huchora mviringo.

Hizo mbili za mwisho ndizo zilizompa Salomi huzuni ambayo bado anayo.

Salomi ana umri wa miaka arobaini na saba. Ni Mkristo, mzaliwa wa vile vyumba vya matofali nyuma ya reli walimojengewa wafagiaji wa manispaa. Baba yake alifagia barabara. Mama yake alisafisha vyoo katika nyumba za Waislamu, akila kwenye sahani aliyotengewa chini ya ngazi. Mtoto wao aliposoma uuguzi, mtaa mzima ulikuja kula pilau.

Hospitali ilipohitaji mtu wa kuhudumia wenye mifuko, wauguzi wenzake waliinamisha macho. “Nikapewa mimi,” anasema. “Hawakusema kwa nini, ila nilijua. Walidhani uchafu ni kazi ya kwetu.”

Hakukataa. Alipelekwa Lahore kwa mafunzo mafupi, akarudi na vipande vya vibandiko mkobani na hamu ya kufundisha. Mfuko mmoja unauzwa zaidi ya ujira wa kibarua wa siku nzima, ndiyo maana wengi wa wagonjwa wake hufunga matambara na mifuko ya sukari. Yeye huwaombea mifuko kila anapoweza kuomba, na wakati mwingine hulipwa kwa boksi la haluwa, ambalo huligawia wodi nzima.

Hafidh Allah Wasaya aliletwa kwake mwaka jana mwishoni mwa majira ya baridi. Alikuwa muadhini wa msikiti mdogo katika mji wa kale, mwembamba, ndevu zake zimepakwa hina, mwenye sauti iliyowaamsha watu wa mtaa wake kwa karibu maisha yao yote. Saratani ilikuwa imemshika sehemu ya mwisho ya utumbo. Madaktari waliikata, wakaifunga njia ya kawaida, wakamwekea ya tumboni, na hiyo ndiyo angeishi nayo.

Ilibaki tiba ya dripu, ile inayofuata mbegu za ugonjwa zilizobaki mwilini. Lakini ngozi ya Hafidh ilikuwa imechubuka pande zote na kuanza kutunga usaha. Daktari wake alisema dripu ile huushusha mwili kinga, na kumpa mtu mwenye kidonda kama kile ni kumtia hatarini. Ngozi ifunge kwanza, ndipo tiba ianze. Akampeleka kwa Salomi.

Kwa hiyo kila mtu alijua kilichokuwa kikisubiriwa. Ngozi ikichelewa, tiba inachelewa, na saratani haina adabu ya kusubiri.

Salomi aliisoma. Kidonda kilikuwa robo zote nne na umbo lake mviringo wa kibandiko. Alimuuliza Hafidh anabadilisha kila baada ya muda gani. Hafidh akajibu bila kusita kwamba ni siku tatu tatu, kama alivyoelekezwa. Kibandiko alichokuja nacho kilikuwa kipya na safi, hakikuwa na la kusema. Akamuuliza kama panawasha. Hafidh akasema panachoma.

“Mzio huwasha,” Salomi anasema sasa, akisugua kidole gumba juu ya kiganja. “Kubandua huchoma. Aliniambia panachoma, nikasikia, nikaandika mzio.”

Akambadilishia gundi. Haikusaidia. Akambadilishia tena. Akapiga simu kwa shirika la misaada Lahore, akasihi mpaka wakamtumia vibandiko vya aina ya tatu, vya bei ambayo hata yeye aliona haya kuitaja. Wiki zikapita, joto likaingia, jasho likazidi, kidonda kikapanuka. Hafidh alikuja kila kliniki, akalala, akafumba macho, akashukuru, akaondoka. Kisha kliniki moja hakuja.

Salomi akavibeba vile vibandiko vya Lahore, akaenda nyumbani kwake.

Alifika adhuhuri. Adhana ilikuwa ikitoka msikitini kwa sauti ya mtu mwingine, kijana ambaye pumzi yake ilikatika mahali pasipotakiwa. Mlango ulifunguliwa na Bi Bakhtawar, mke wa Hafidh, mama mfupi mwenye maneno mengi. Alimkalisha Salomi kwenye kitanda cha kamba uani na kumwomba avumilie kidogo. Kutoka bafuni ilisikika sauti ya maji yakimwagwa, na ya kitu kikisuguliwa.

“Anajitoa ule uchafu,” Bi Bakhtawar akasema. “Kila swala ndo hivi hivi.”

“Kila swala?”

“Zote tano, sista. Na akiamka usiku kuswali, hiyo nayo. Anakibandua chote, anasugua na sabuni mpaka chozi linamtoka, halafu anakirudisha kwa plasta na mkanda. Siku ya kuja kwako ndo anaweka kipya.”

Salomi alielewa mara moja alichokuwa akikiona miezi ile yote. Hapakuwa na mzio wowote. Mtu alikuwa akijichuna ngozi ili asimame mbele ya Mola wake akiwa twahara.

Hafidh akatoka bafuni, mikono ya kanzu imekunjwa, maji yakimchuruzika kwenye ndevu. Akamwona. Akajua kwamba amejulikana.

“Mbona hukuniambia, Hafidh?”

“Mbona hukuniuliza?” Hafidh akajibu.

Na kweli hakumuuliza. Aliuliza juu ya chakula, sabuni, usingizi, jasho, hata juu ya mambo ya chumbani ambayo wagonjwa huyajibu wakiwa wamejifunika uso kwa shuka. Juu ya swala, hakuuliza. Watoto wa nyuma ya reli hulelewa na amri moja kubwa. Mama yake alikuwa akimkumbusha kila walipokwenda pamoja kazini: katika nyumba ya Mwislamu, fagia, osha, nyamaza, na dini yao usiitie mdomoni. Wapo watu wa kwao waliopoteza kazi kwa neno moja, na wapo waliopoteza zaidi. Salomi aliifuata amri ile mpaka akawa muuguzi mkubwa, na hakujua kwamba bado anaifuata.

Naye Hafidh alikuwa na sababu zake. Alidhani mwanamke wa dini nyingine atamwona amerukwa na akili. Au, alikiri baadaye, atamwona mchafu.

Bi Bakhtawar ndiye aliyewasha moto. Akiwa anamimina sharubati, alimkumbusha mumewe mbele ya mgeni kwamba jirani yao mwenye kisukari, ambaye mkojo haumkai, alifundishwa na Hafidh huyu huyu hukumu ya mwenye udhuru. Wakati wa swala ukiingia atawadhe, aswali alivyo, na hana deni kwa Mungu.

“Akili ya kuwagawia watu anayo tele,” akamwambia Salomi. “Ya kwake mwenyewe hana hata kijiko.”

“Ile ni ya wagonjwa,” Hafidh akasema. “Mimi nawaita watu. Nitawaitaje nikiwa na najisi tumboni?”

Neno hilo, najisi, ndilo lililomfungua Salomi mdomo. Anasema hakupanga, na kwamba angepanga angenyamaza. Alimweleza Hafidh kwamba shuleni kwao kulikuwa na glasi moja ya wanafunzi wengine wote na kopo la bati la watoto wa wafagiaji. Akiwa darasa la pili aliamua kwamba tatizo ni mikono yake.

“Nikaisugua na jivu. Halafu na sabuni ya kufulia. Nikasugua mpaka ikatoka damu, nikaenda kumwonyesha mwalimu kwamba sasa imetakata, anipe glasi. Haikuwa mikono, Hafidh. Ningeisugua mpaka mfupa, nisingepewa glasi.”

Hafidh alikaa upande wa pili wa kitanda, jambo ambalo Bi Bakhtawar anasema hajawahi kumwona akilifanya na mwanamke wa nje. Kisha akasema, akiangalia chini, kwamba nje ya msikiti wao pana bomba, na wafagiaji walipokuja kunywa, yeye ndiye aliyekuwa akiwafukuza.

“Baba yangu alifagia upande ule mwingine wa mji,” Salomi akamjibu. “Na kule nako kulikuwa na bomba.”

Hakumwambia amemsamehe, na Hafidh hakuomba. Salomi alifungua mkoba, akatoa kibandiko, akamwomba alale. Alipomaliza alimwambia kisiguswe mpaka atakaporudi yeye mwenyewe. Alasiri ile Hafidh aliswali na mfuko tumboni. Bi Bakhtawar aliyekuwa akimchungulia anasema alikaa kwenye sijda muda mrefu mno, akadhani ameanguka.

Ngozi ikaanza kufunga. Kwanza robo za juu, halafu kushoto, halafu ile ya chini kulia iliyokuwa mbaya kuliko zote. Watu wanaofanya kazi hii wanajua furaha ya kubandua na kukuta ngozi kavu, ya rangi ya mwenyewe. Salomi anasema siku alipoandika kwamba robo zote nne ni nzima, alitaka kumkumbatia daktari.

Daktari alikuwa ameshika picha za vipimo. Saratani ilikuwa imefika kwenye ini.

Alimweleza Salomi kwa upole kwamba huenda ilikuwa njiani tangu mwanzo, na kwamba hata tiba ingeanza mapema, hakuna anayeweza kuapa kwamba ingeizuia. Ni jibu la kweli. Salomi amejaribu kulilalia, na limekataa kuwa mto. Aliingia choo cha wafanyakazi, akafungulia bomba ili wasimsikie, akalia kama alivyolia siku ya kumzika mama yake.

“Sijui kama nilimuua,” anasema. “Najua nilimchelewesha. Hayo mawili nayabeba pamoja, siwezi kuyatenganisha.”

Alikwenda kumwambia Hafidh mwenyewe lile neno mzio alilokuwa ameandika, na kwamba lilikuwa kosa. Hafidh alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema makosa yalikuwa ya watu wawili, na mmoja wao alikuwa anadanganya akiwa na udhu.

Siku hizi swali la kwanza katika chumba kile ni kuhusu swala. Unaswali? Ukitaka kuswali, mfuko unaufanyaje? Muuguzi mmoja alimshtaki kwa matroni kwamba anawahoji Waislamu juu ya dini yao, na kwa Mkristo wa mji huu shtaka kama hilo halichekeshi hata kidogo. Aliogopa. Akaendelea kuuliza. Tangu hapo amekuta wengine wanaojibandua kama Hafidh, wanaume kwa wanawake, na wote walikuwa wamesema siku tatu tatu.

Hafidh bado anaishi. Amekonda, macho yamemwingia ndani, anakuja kliniki ameshikwa mkono. Miezi miwili iliyopita alimuuliza Salomi jambo ambalo hakuna mgonjwa aliyewahi kumuuliza: siku akifa, nani atautoa mfuko?

Maiti ya mwanamume wa Kiislamu huoshwa na wanaume wa Kiislamu. Yeye hawezi hata kuvuka kizingiti. Na alikuwa amesikia habari za bibi mmoja wa mtaa wa wafinyanzi, aliyekuwa mgonjwa wake, ambaye waoshaji waliuona mfuko wakatoka nje wamejiziba pua. Wakarudi na plastiki, wakamzungushia tumbo lote, wakamzika hivyo. Binti yake ndiye aliyekuja kumsimulia.

Mpango wake ukazaliwa hapo. Anataka katika kila mtaa wa mji wa kale awepo mwoshaji mmoja wa kiume na mmoja wa kike anayejua kubandua kibandiko bila kuchana ngozi, kusafisha njia ile kwa maji, kuiziba kwa pamba, na kuifunika ili sanda isilowe. Hana fedha za mpango huo wala ruhusa ya mtu yeyote mkubwa. Ana waoshaji wawili wa kike waliokubali kuja baada ya sikukuu, na mwanamume mmoja. Yule mwanamume anakuja leo.

Bi Sughra amekwishaondoka. Mlango unagongwa na Hafidh anaingia ameegemea bega la Khuda Bakhsh, msokotaji wa vitanda vya kamba, rafiki yake wa utotoni, ambaye ndiye huosha maiti za mtaa wao. Khuda Bakhsh amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Anaiangalia sakafu, anaangalia feni, anaangalia kila kitu isipokuwa kitanda.

Salomi alikuwa ameandaa mto wa kufundishia, kaubandika kibandiko juu yake. Hafidh anausogeza pembeni. Anasema mto hauna ngozi. Anapanda kitandani mwenyewe, polepole, analala chali, anafunua tumbo.

Salomi anamwelekeza Khuda Bakhsh aanzie juu, mkono mmoja uvute na mwingine ushike ngozi, maji yafuate nyuma. Mikono ya mzee huyu imesokota kamba maisha yake yote na imeosha wafu wengi kuliko anavyokumbuka. Anaushika ukingo wa kibandiko, machozi yanamshinda, anavuta kwa ghafla.

Hafidh anauweka mkono wake juu ya mkono wa rafiki yake.

“Taratibu, Khuda Bakhsh,” anamwambia. “Leo bado nasikia.”